Sufuria Iliyovikwa Blanketi

Karibu kila siku kabla ya kwenda kazini huizima mbabula mara mbili. Mara ya kwanza kwa majivu. Mara ya pili kwa kiganja: naweka mkono juu ya makaa, karibu kabisa, nasubiri. Nikisikia joto lolote naongeza majivu. Mdogo wangu wa kiume, anayenifuata kwa kuzaliwa, husimama mlangoni akinitazama.

"Kaka, imekufa," husema. "Izike tuendelee."

Mbabula ni jiko letu la makaa, la udongo, lenye masikio matatu ya kushikilia sufuria. Hapa Magarama karibu kila nyumba inayo. Na mimi mwenyewe nakula kwa makaa: nachoma brosheti, yaani mishikaki ya mbuzi, kwenye kabare moja, baa ya mtaani, karibu na soko la Gitega, kuanzia alasiri mpaka wateja wa mwisho waondoke. Nashinda na moto usoni. Lakini ule wa kabare uko nje, chini ya mabati yaliyo wazi pande zote, na siuogopi. Naogopa huu mdogo wa nyumbani, unaotosha sufuria moja.

Tulirudi kutoka Tanzania nikiwa bado mwanafunzi. Mimi nilizaliwa kule, katika kambi ya wakimbizi, na mdogo wangu wa kiume pia. Kule kuni zilikuwa mbali, nje ya mpaka wa kambi, na wanawake waliozifuata walirudi wamenyang'anywa, au wamepigwa, au hawasemi kilichowapata. Kwa hiyo mama yetu alikuwa na namna yake ya kupika. Alichemsha maharage kwa kuni chache, moto mkali, kisha akaipua sufuria ikiwa bado inatokota, akaifunga kwa blanketi, akaitumbukiza ndani ya kapu kubwa lililojaa majani makavu, na juu akaweka mto. Baada ya hapo ilikuwa marufuku kugusa.

"Imelala," alisema. "Ukiiamsha mtakula mawe."

Jioni alifungua, na mvuke ukatoka, na maharage yalikuwa laini. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba vyakula vyote huiva vikiwa vimelala.

Tulipofika Muyinga tulipewa chumba kwenye kiwanja cha shangazi, dada ya baba. Makaa yaliuzwa kando ya barabara. Mama alinunua mbabula, na kapu akalitupa nyuma ya nyumba. Alisema tumetoka kambini, na chakula nacho kitoke. Alifurahi sana kuona moto unaokaa, wa kuutumia anavyotaka.

Katika msimu mmoja wa mvua, wakati wa baridi ile ya Muyinga inayoingia mpaka kwenye godoro, wazazi wetu waliingiza mbabula chumbani ili maharage yamalizike kuiva na wao wapate joto. Walifunga mlango na dirisha. Sisi watoto tulikuwa tumelala kwa shangazi, ng'ambo ya ua. Asubuhi mama hakutoka. Shangazi aligonga, akamwita jirani yetu, mzee aliyerudi pamoja nasi kutoka Tanzania. Mzee alisukuma mlango kwa bega, akaingia, akatoka, akaegemea ukuta. Alisema neno moja tu.

"Wamezima."

Sikumwelewa. Nilidhani anazungumzia mbabula. Nikamuuliza, "Wamezima nini?" Shangazi alinishika kichwa akanigeuza uso upande wa kifua chake.

Baadaye muuguzi mmoja alinieleza kwa upole kwamba makaa yana hewa isiyoonekana wala kunuka. Mtu anasinzia tu, hasikii kitu, hapigi kelele. Nikamuuliza kama kungekuwa na la kufanya. Akasema, kama mtu angewavuta nje mapema, kwenye hewa safi, pengine. Alisema "pengine" na kuniangalia, nadhani alijuta kusema. Mimi nimeishi na neno hilo.

Niliacha shule. Hakuna aliyeniambia niache. Nilibeba mizigo sokoni Muyinga, kisha mwanamume mmoja aliyekuwa akichoma nyama akanifundisha kukata, kutunga na kugeuza. Nilipopata kazi Gitega, nilimwomba shangazi wadogo zangu. Yeye alikuwa na watoto wake, na ndugu wengine walishazungumza habari ya kuwagawa, wa kiume huku, wa kike kule. Alinipa blanketi moja zito, akaniambia, "Nimekuachia. Lakini moto, mwanangu." Hakumaliza, na hakuhitaji kumaliza.

Basi nikawa mzazi anayefanya kazi jioni. Nilikuwa naondoka wao wakirudi kutoka shuleni, narudi wamelala. Kuwaachia moto mtoto wa shule ya msingi na dada yake ambaye meno ya mbele yaling'oka na bado hayajaota tena, sikuweza. Kupika mchana wale baridi jioni, niliweza, na nilifanya hivyo miezi ya mwanzo, mpaka mdogo wetu wa kike akaanza kuacha chakula kwenye sahani. Alisema kinamfanya atetemeke tumboni. Gitega ina baridi jioni, na maharage ya baridi yana mafuta yaliyoganda juu kama nta.

Hapo ndipo nikatafuta kapu.

Nililinunua sokoni, kubwa, la kubebea viazi. Nikajaza majani makavu ya migomba. Blanketi la shangazi nikalikunja mara nne. Mara ya kwanza niliipua sufuria mapema mno, na jioni tulikula mawe kama alivyosema mama. Nikajifunza upya, kidogo kidogo. Maharage yalowe tangu usiku. Maji ya kuloweka yamwagwe. Yachemke kwa moto mkali, yaruke, mpaka punje ukiipuliza ganda linakunjamana na kupasuka. Hapo ndipo uyafunge, si kabla. Sufuria ijae, kwa sababu sufuria yenye nafasi hupoa. Chumvi mwishoni. Kitunguu na mawese vinaweza kuingia mwanzoni, havina neno. Ndizi za kupika ziwekwe juu ya maharage, si chini, la sivyo zinakuwa uji. Wali ni rahisi kuliko vyote: uchemke, ufunge, nenda zako. Sombe, majani ya muhogo, lazima yatwangwe na kuchemka muda mrefu yakiwa wazi kabla hujayafunga, lakini ukiyaweka na ndagala, dagaa wa ziwani, na kuyalaza mchana kutwa, jioni yanalika kama yamepikwa na watu watatu.

Mama jirani yetu, Mwislamu mwenye kukaanga sambusa na kuziuza mbele ya lango, alikuwa na Kiswahili cha hapa hapa, kilichochanganyika na Kirundi na Kifaransa. Siku ya kwanza aliponiona navisha sufuria blanketi alisimama na sinia mkononi.

"We Mtanzania, hii sufuria iko na homa?"

"Imelala, mama."

"Bon. Ikiamka na ikilia, uniite nije kunyonyesha."

Aliwaambia wateja wake wote. Wiki nzima watu wa mtaa waliniuliza habari za mtoto. Mwanamume wa kuchoma nyama, walisema, hana mke, kasoro kidogo afunge sufuria mgongoni. Mdogo wangu aliona aibu, kwa sababu shuleni kuna walioita chakula chetu chakula cha kambi. Sikujali. Kila nilipoifunga sufuria na kuzima mbabula, niliondoka nikiwa najua kwamba nyumbani hakuna moto. Nilikuwa nahema vizuri mpaka sokoni.

Bado niliwapa masharti. Dirisha liachwe wazi kwa kijiti, hata mvua ikinyesha. Mlango wafunge kwa komeo, kwa sababu ya wezi. Mbabula isiguswe. Na kama kitu chochote kimewatokea watu, wavutwe nje kwanza, nje kwenye hewa, maswali baadaye. Nilimfundisha mdogo wangu jinsi ya kumshika mtu kwapani na kumburuta. Alijifunza kwa kumburuta dada yake uani, na yeye akacheka mpaka akapata kwikwi. Mama jirani nilimwachia namba ya simu, nikamwambia akiona moshi kwetu anipigie, saa yoyote.

Kuna mama mmoja anayetoka Gishubi na maharage mapya, yanayoiva upesi. Yeye ndiye niliyekuwa nanunua kwake. Siku moja hakuja sokoni. Nikanunua ya mtu mwingine, yaliyokaa ghalani. Niliyachemsha kama kawaida, nikaona maganda yanakunjamana, nikayafunga. Nilijua moyoni kwamba punje za zamani zinadanganya, ganda linapasuka na ndani ni mfupa. Lakini muda wa kazi ulikuwa umefika. Nikaweka kiganja juu ya makaa, nikaenda.

Mvua ilianza jioni, giza lilipokuwa bado linakuja. Kabare ilikuwa imejaa watu waliokimbia kutoka barabarani, muziki umefunguliwa juu, na mabati yanapigwa kiasi kwamba wateja waliagiza kwa vidole. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikaiweka sikioni na kuziba sikio jingine kwa mkono wenye mafuta.

Ilikuwa sauti ya mama jirani, inakatika. "Allo? We kijana? Iko mvua huku," kisha hakuna kitu, kisha "mbabula," kisha hakuna kitu, kisha wazi kabisa kama amesimama kando yangu:

"Watoto wamezima."

Simu ikakatika. Nikapiga, haikupatikana.

Sijui nilimwambia nini mwenye kabare. Alipaza sauti nyuma yangu kwamba nyama za watu zinaungua. Nilikimbia na kipepeo cha makaa mkononi, nikakitambua baadaye. Barabara ya kwenda Magarama ilikuwa imegeuka mto mwekundu. Nilianguka mara moja, nikaendelea. Kichwani kila kitu kilikuwa kimejipanga bila mimi kukipanga: maharage hayakuiva, wamewasha mbabula, mvua imekuja, wameiingiza ndani, wamefunga dirisha kwa ajili ya mvua. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Wavute nje, wavute nje," kana kwamba mama jirani angenisikia. Na pia, naona aibu kuandika, nilikuwa namsemesha mama yetu, nikimwambia asiwapokee.

Nyumba ilikuwa giza. Niligonga, sikujibiwa. Mvua juu ya bati ilikuwa inakula kila sauti. Nikazunguka kwenye dirisha. Lilikuwa limefungwa.

Nikalisukuma, nikamulika kwa simu. Macho yangu yaliona godoro, halafu mkeka chini, halafu wao. Walikuwa wamelala sakafuni, mmoja huku, mwingine kule, wamejikunja, hawasogei, na katikati yao kitu kikubwa cheusi kimefunikwa. Nikaita majina yao. Hawakusogea.

Mlango ulivunjika kwa pigo la pili la bega. Nilimshika wa kwanza miguu, sikukumbuka hata habari ya kwapa, nikamburuta kizingitini mpaka nje kwenye matope, nikarudi nikamleta wa pili, nikamlaza kando ya mwenzake, mvua ikawapiga nyuso.

"Kaka," alisema mdogo wangu wa kiume, akikaa. "Umerukwa na akili?"

Dada yake alianza kulia, si kwa maumivu, kwa hasira, kwa sababu alikuwa amevaa nguo ya shule.

Niliwashika wote wawili pale matopeni. Mama jirani akaja akikimbia, ameweka sinia lake la sambusa kichwani badala ya mwavuli.

"We kijana, unaua watoto? Mi si nimekuambia? Wamezima."

"Wamezima nini?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

"Mbabula, jamani. Wamezima mbabula. Mvua ilikuja, nikawaona wanaimwagia maji hapa nje. Nikasema, nitampigia yule mwoga asiwaze. Unité za simu zikakwisha, batri nayo ikaisha."

Nikamweleza nilivyosikia. Aliteremsha sinia kichwani, maji yakamdondoka. Habari za wazazi wetu alizijua. Kisha akasema taratibu, "Mi nitasema 'wamezimisha.' Kuanzia leo, kwako, ni 'wamezimisha.' Ile nyingine naiacha."

Ndani, alipowasha taa, niliona yote. Kitu cheusi katikati ya mkeka kilikuwa kapu letu. Walikuwa wamelala wakiegemea kapu kwa ajili ya joto lake, mgongo wa kila mmoja upande wake, kama watu wanaoota jua.

Mdogo wangu alinieleza akiwa amejifunga shuka. Walifungua sufuria, wakaonja, ngumu. Dada yake alikuwa na njaa. Yeye akatoa mbabula nje, mbali na mlango, akawasha, akachemsha tena.

"Nje?" nikauliza.

"Nje. Si umesema kila siku?"

"Nimesema msiiguse."

"Umesema pia tule."

Mvua ilipoanza, dada yake alishika mbabula kutaka kuiingiza, isilowe. Yeye akamzuia. Akaimwagia ndoo nzima. Udongo ulikuwa wa moto na maji ya baridi, ukapasuka vipande vitatu. Ndiyo maana walikaa gizani, wakiogopa kwamba nikirudi nitawagombeza kwa ajili ya mbabula. Wakaifunga sufuria tena katika blanketi, inatokota, wakasubiri, usingizi ukawachukua. Dirisha walilifunga kwa sababu hapakuwa na moto ndani.

"Bila moto dirisha lina kazi gani?" aliniuliza. Hakuwa anabisha. Alitaka kujua.

Tulikula tukiwa na mlango ulioegemezwa ukutani. Maharage yalikuwa yameiva. Mama jirani alikula nasi, akasema yamepungua chumvi, akajaza sahani tena. Sahani yangu niliiweka chini. Nilikuwa nawatazama wanavyohema.

Kwa siku nyingi baada ya hapo sikuwa mtu. Kabareni nilishtuka kila simu ya mtu ilipolia. Nilifikiria kuwarudisha Muyinga. Niliwaza mpaka maneno ya kumwambia shangazi. Lakini kila nilipofika mwisho wa maneno hayo niliona jambo lile lile: yule mtoto alikuwa ameshika moto peke yake, mvua ikinyesha, dada yake akivutana naye, na alijua la kufanya. Jambo moja tu hakulijua, nalo ni kuuzima bila kulipasua jiko, kwa sababu sikuwahi kumruhusu asogee karibu aone. Nilikuwa nimemfundisha kuburuta maiti, na sikumfundisha kupika.

Nilinunua mbabula nyingine. Siku ya mapumziko nilimwita uani. Nilimwonyesha jinsi ya kupanga makaa na kuacha njia ya hewa, jinsi ya kuzima kwa majivu, ndoo iwe ya dharura tu. Nikamwonyesha punje ya zamani na punje mpya, azivunje kwa jino aone tofauti. Kisha nikamwambia afanye mwenyewe, na mimi nikakaa juu ya tofali, mikono nimeikalia ili isimsaidie.

Alikuwa mwepesi. Alipuliza, akageuza uso, akapuliza. Dada yake alisimama nyuma ya mstari niliouchora chini, akitoa amri ambazo hakuna aliyezitaka.

"Makaa yale. Yale. Kaka mkubwa hafanyi hivyo."

"Kaka mkubwa anakimbia na kipepeo mvuani," alimjibu. "Nyamaza."

Maharage yalichemka. Jasho lilinitoka kuliko kazini. Wakati wa kuyafunga, alilikunja blanketi tofauti na mimi, pembe zikiingia ndani, na ilikuwa bora. Nikamshikia kapu.

Tulirudia hivyo Jumapili nyingi. Halafu ikafika siku ya kazi ambayo maharage yalikuwa bado yanatokota na mimi muda wangu umekwisha. Zamani ningeyaipua tu, yaive yasiive. Nilisimama pale uani nimeshavaa, mbabula nje katikati ya kiwanja, nyekundu, na yeye ameshika kijiko.

"Bado kidogo," alisema, akaipuliza punje. "Hii ganda lake limepasuka, lakini ndani bado. Nenda. Wateja wako wana njaa."

"Utazima kwa—"

"Majivu. Halafu mkono."

"Na ikija mvua?"

"Naizima palepale ilipo. Kaka, nenda."

Nilikwenda. Nilifika kwenye kona ya lango la mama jirani, nikasimama, yeye akanitazama, mikono imejaa unga, akanionyesha barabara kwa kidevu. Nikaendelea. Jioni ile niliunguza brosheti za meza nzima, na mwenye kabare akaniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ninaogopa. Akaniletea nyama nyingine ya mbuzi nianze kutunga upya.